Vinundu Vimejaa, Majani ya Njano: Kumtafuta Aliyeingia Mzizini

Lalamiko ninalokutana nalo kuliko mengine yote kwenye mazao ya jamii ya mikunde ni hili: mbegu zilichanganywa na chanjo ya bakteria, maelekezo yakafuatwa neno kwa neno, mizizi ikafanya vinundu tele, vile vivimbe vidogo ambamo bakteria huishi, na bado mimea imedumaa na majani yamepauka. Mtu huamua papo hapo kwamba chanjo ilikuwa mbovu. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi chanjo ilikuwa nzima na bakteria wake walikuwa hodari, ila hawakupata pa kuingia. Vinundu vinavyoonekana vimejengwa na bakteria wengine, waliokuwamo udongoni kabla mfuko wa chanjo haujafunguliwa.

Ili kulielewa tatizo hili lazima utenganishe mambo mawili. Kuna uwezo wa bakteria kunasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kuna pia uwezo wa kuwahi mzizi, kuingia na kujengewa kinundu. Bakteria anaweza kuwa bingwa wa hili na asijue lile. Mfano unaofahamika sana maabara ni Rhizobium leguminosarum anayeitwa T24, aliyetoka kwenye vinundu vya klova, mmea wa malisho. Hutoa sumu iitwayo trifolitoksini inayowazuia wenzake wasiingie mzizini, kwa hiyo vinundu anavipata. Akishaingia, hanasi naitrojeni yoyote ya maana kwa klova. Mmea unamlisha bure.

Katika maelezo haya bakteria wa chanjo nitawaita wageni, na wale waliomo udongoni nitawaita wenyeji. Neno ukoo nitalitumia kwa bakteria wa nasaba moja ndani ya spishi, kwa sababu spishi moja ina koo nyingi na tabia zao hupishana sana.

Kabla ya yote, chimba

Usiung'oe mmea kwa kuuvuta. Ukiuvuta, vinundu vizito hukatika na kubaki ardhini, nawe utabaki na mizizi mitupu na jibu la uongo. Subiri mimea ianze kutoa maua, kisha chimba kwa beleshi umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, pande zote. Inua bonge zima la udongo na ulitumbukize kwenye ndoo ya maji. Acha udongo ulegee wenyewe, usiharakishe. Fanya hivyo kwa mimea kumi hivi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, kwa maana mmea mmoja haukuambii kitu.

Hakikisha kwanza kwamba unachokiona ni kinundu. Minyoo fundo nao huacha uvimbe mizizini, na nimeona watu wakifurahia uvimbe huo wakidhani ni neema. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, haubanduki. Kinundu kimekaa ubavuni mwa mzizi. Kisukume kwa kidole gumba nacho kitachomoka kizima.

Sasa kipasue kwa ukucha au wembe. Kinundu kinachofanya kazi kina rangi ya waridi iliyokolea au nyekundu kama nyama mbichi, na ukikiminya huacha doa kwenye ncha ya kidole. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, protini iliyo jamaa ya hemoglobini ya damu yetu. Kazi yake ni kuwafikishia bakteria oksijeni kwa kipimo kidogo sana, kwa sababu kimeng'enya kinachonasa naitrojeni huharibiwa na oksijeni ikizidi. Kinundu cheupe ndani ama bado kichanga, ama kina wapangaji wasiofanya kazi. Cha kijani kimezeeka. Cha kahawia na kilichoteketea kimekwisha.

Angalia na umbo. Soya, maharage, kunde na karanga hufanya vinundu vya mviringo, vyenye rangi moja ndani. Njegere, klova na alfalfa hufanya vinundu virefu vinavyokua kutoka nchani, kwa hiyo ncha nyeupe, katikati nyekundu na tako la kijani ni hali ya kawaida kabisa. Usikihukumu kinundu cha njegere kwa kukata ncha tu.

Andika kwenye daftari ukubwa wa vinundu, rangi ya ndani, na hasa mahali vilipokaa: viko juu, kwenye mzizi mkuu karibu na shina, au vimetawanyika kwenye mizizi ya pembeni? Idadi ndiyo takwimu dhaifu kuliko zote, na ndiyo hiyo hiyo kila mtu huanza nayo.

Hakuna kinundu hata kimoja

Hapa ushindani hauhusiki. Kama wenyeji wangekuwepo, vinundu vingekuwepo, vibaya au vizuri. Mizizi mitupu ina maana kwamba hapakuwa na wenyeji wanaoelewana na zao hilo, na wageni nao walikufa au walikuwa wa aina nyingine. Kila zao lina wenzake: dengu hutaka Mesorhizobium wake, alfalfa hutaka Ensifer meliloti, soya hutaka Bradyrhizobium wa soya. Chanjo ya moja haifai kwa lingine hata iwe mpya kiasi gani.

Kama aina ilikuwa sahihi, tafuta kilichowaua. Dawa ya ukungu iliyopakwa kwenye mbegu huwamaliza wengi. Jua nalo halina huruma: niliwahi kuacha beseni la mbegu zilizokwisha kuchanjwa kando ya shamba, likapigwa na jua la mchana huku tukipima mistari, na mistari ya beseni lile ilikuja kuonekana kwa mbali kama imechorwa kwa rangi ya njano. Udongo wenye asidi kali nao huwatesa, hasa pH ikishuka chini ya 5.5. Na ukiwa umeweka mbolea nyingi ya naitrojeni, mmea wenyewe hukataa kujenga vinundu, kwa kuwa hauoni sababu ya kulisha wapangaji.

Vingi, vidogo, vimetapakaa, ndani vyeupe

Hii ndiyo sura halisi ya wageni kushindwa. Mzizi umejaa vinundu vidogo kama punje za mtama, vimetapakaa hadi kwenye mizizi ya pembeni, ukivipasua ni vyeupe au vya kijani kibichi, na majani ya chini ni ya njano. Wenyeji wameshika nafasi na hawalipi kodi. Wingi wa vinundu usikudanganye: mmea wenye njaa ya naitrojeni huendelea kuruhusu vingine vijengwe, ukitumaini. Mmea ulioshiba huwa na vichache vikubwa.

Kuna mawili ya kuondoa njiani kabla hujawatuhumu wenyeji. Upungufu wa molibdeni huleta sura inayofanana sana na hii, maana kimeng'enya cha kunasa naitrojeni kimejengwa kwa chuma na molibdeni. Bila hiyo hata bakteria bora hukaa bure. Nyunyizia molibdeni kidogo mimea michache na uingoje: ikigeuka kijani, umepata jibu, wala hakuna aliyeshindwa na mtu. Upungufu wa fosforasi nao hudumaza vinundu, ila kwa kawaida huvifanya pia viwe vichache. Ukishayaweka hayo pembeni, rudi kwa wenyeji.

Wanashindaje? Jibu la kwanza ni wingi, na hesabu yake inafaa kufanywa kwa kalamu. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimita 15, una uzito wa takriban tani 2,000. Ukiwa na wenyeji 1,000 tu katika kila gramu, na hao si wengi, hekta ina bakteria trilioni 2. Sasa weka mbegu 400,000 za soya, kila moja imebeba wageni 100,000. Umeleta bilioni 40. Wenyeji ni mara 50 yako. Hata ukifikisha milioni moja kwa kila mbegu, bado wamekuzidi mara 5. Waswahili walisema wengi wape, usipowapa watajitwalia wenyewe, na mzizini wanajitwalia.

Mwaka 1974 Weaver na Frederick walichapisha majaribio ya soya waliyoyafanya shambani, wakaonyesha kwamba ili wageni washike nusu ya vinundu au zaidi, ilibidi chanjo iwe takriban mara 1,000 ya wenyeji waliomo udongoni. Mwaka 1991 Thies, Singleton na Bohlool, baada ya majaribio ya mikunde mbalimbali huko Hawaii, walionyesha kwamba wenyeji 50 tu kwa gramu ya udongo waliweza kufuta faida ya kuchanja. Hamsini! Kijiko cha chai cha udongo huo kina mia kadhaa tu, na wanatosha kuufunga mlango.

Jibu la pili ni muda. Mzizi haupokei bakteria kila mahali. Mlango uko kwenye eneo dogo nyuma ya ncha inayokua, ambako vijinywele vya mzizi ndiyo kwanza vinachomoza. Mzizi humwaga kemikali ziitwazo flavonoidi, bakteria anayezielewa hujibu kwa ishara yake mwenyewe, kijinywele hujikunja kama mkia wa kinyonga na kumfumbata ndani ya mkunjo, kisha mrija mwembamba hujengeka kumpeleka ndani. Kwenye soya eneo moja la mzizi hubaki tayari kwa saa chache tu. Ncha ikishasonga mbele, mlango ule umefungwa. Aliyekuwepo mzizini wakati huo ndiye anayeingia. Katika majaribio ya miche ya soya, ukoo uliotangulizwa kwa saa chache ulinyakua sehemu kubwa zaidi ya vinundu kuliko ukoo uliofuata, hata pale ambapo wote wawili walikuwa na uwezo wa kuingia.

Halafu mmea unafunga hesabu. Vinundu vya kwanza vikishaanza kujengwa, mizizi hutuma ujumbe hadi kwenye majani, na majani hurudisha amri ya kuzuia vipya. Kwa hiyo waliotangulia hawakuchukua nafasi zao tu, wamepunguza na nafasi za wengine. Wageni wanaoamka siku ya kumi wamekuta karamu imekwisha.

Watu huniuliza hapa: mbona mmea wenyewe hauchagui bakteria mzuri? Unachagua, ila kwa kuchelewa. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake waliweka vinundu vya soya katika hewa ambayo naitrojeni yake iliondolewa na argoni kuwekwa badala yake, ili bakteria washindwe kufanya kazi hata wakitaka. Mmea ulipunguza oksijeni iliyofika kwenye vinundu hivyo, na bakteria wa ndani wakazaliana kiasi cha nusu ya wenzao. Hiyo ni adhabu ya kweli. Lakini ni adhabu baada ya kumwingiza, kumjengea nyumba na kumlisha kwanza. Mlangoni mmea husoma ishara ya kemikali, hausomi uwezo wa kazi, na mlaghai mwenye ishara sahihi hupita.

Mfano mkubwa wa haya yote uko Marekani, kwenye udongo wa majimbo ya Minnesota na Iowa. Kwa miaka mingi vinundu vya soya huko vimeshikwa na kundi la Bradyrhizobium linalojulikana kwa namba 123. Watafiti walikuwa na ukoo uitwao USDA 110, mnasaji hodari wa naitrojeni, wakauchanja msimu baada ya msimu, na ukaishia kushika sehemu ndogo tu ya vinundu. Maabara 110 alikuwa mfalme. Shambani 123 alikuwa nyumbani.

Ufanye nini? Kuongeza maji au kuchanganya chanjo ileile mara mbili juu ya mbegu hakubadilishi sana, maana ngozi ya mbegu ina kikomo cha inachoweza kushika. Kinachobadilisha ni mahali na wingi kwa pamoja: kumwaga chanjo ya maji ndani ya mfereji wa kupandia, au kuweka ya chengachenga chini na pembeni ya mbegu, ili mizizi inaposhuka ikutane na wageni wengi njiani. Panda siku hiyohiyo ya kuchanja, kwenye udongo wenye unyevu. Rudia kila unapopanda zao hilo. Brazili wakulima wa soya huchanja kila msimu hata kwenye mashamba ambayo tayari yana wenyeji wengi, na mavuno huongezeka kwa kiasi kidogo lakini cha kudumu. Naliona hilo kuwa jambo la kutia moyo kuliko takwimu zote za wageni kushindwa, kwa sababu linaonyesha kwamba wageni hawalazimiki kushika vinundu vyote. Wakishika vile vya mwanzo, karibu na shina, vinavyolisha mmea ukiwa mchanga, mmea utaiona tofauti.

Ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi, ingawa huchukua muda: kuwatafuta wenyeji wenyewe. Ndani ya udongo uleule wenye wavivu wengi kuna koo chache zinazofanya kazi vizuri na zimeshaizoea asidi, joto na ukame wa mahali. Hizo hutolewa kwenye vinundu vyekundu vya mimea iliyostawi, hujaribiwa, kisha hugeuzwa kuwa chanjo. Na wazalishaji wa mbegu wamepita upande wa pili kabisa. Baadhi ya soya zina jeni, kama Rj4, zinazokataa koo fulani mlangoni. Nyingine, kama zile za TGx zilizozalishwa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, zilichaguliwa makusudi ili zielewane na Bradyrhizobium wengi waliomo udongoni, kusudi mkulima asihangaike na ugomvi huu tangu mwanzo.

Juu vyekundu, chini vyeupe

Mmea ulianza vizuri, kijani cha kupendeza, kisha ukapauka maganda yalipoanza kujaa. Ukichimba unakuta vinundu vikubwa vyekundu vimejikusanya sentimita chache za kwanza za mzizi mkuu, na chini yake, kwenye mizizi ya pembeni, ni vidogo na vyeupe.

Nilipouona mzizi wa namna hii mara ya kwanza niliulaza juu ya gazeti nikauchora mstari kwa wino pale rangi ilipobadilika. Mstari ulikaa karibu sana na kina cha kupandia. Juu ya mstari palikuwa pa wageni, chini pa wenyeji. Bakteria hawa hawasafiri. Wana mikia ya kuogelea, lakini ndani ya udongo husogea milimita chache, labda sentimita, isipokuwa maji yawasombe. Mzizi nao unakimbia mbele yao kila siku. Kwa hiyo chanjo iliyopakwa kwenye mbegu hubaki pale mbegu ilipokuwa, na kila mzizi mpya wa pembeni hukutana na wenyeji peke yao.

Sasa, si kila kupauka wakati wa maganda ni tatizo hili. Vinundu vya soya na maharage huzeeka, na wakati maganda yanapojaa mmea huelekeza sukari yake kwenye mbegu na kuvinyima vinundu. Tofauti iko kwenye tarehe na rangi. Ikiwa vya juu vimekwisha kuwa vya kijani na maganda yamejaa, huo ni uzee wa kawaida. Ikiwa vya juu bado vyekundu, vya chini ni vichanga na vyeupe, na maganda ndiyo kwanza yanajiunda, wenyeji wamechukua zamu ya pili. Dawa yake ni ile ya kuweka chanjo chini ya mbegu.

Vyekundu kila mahali, lakini chanjo haileti tofauti

Mtu amechanja nusu ya shamba, nusu nyingine hakuichanja, na zote mbili zimestawi sawasawa. Anaona fedha yake imepotea. Hapa hakuna kilichoharibika. Wenyeji ni wengi na wanafanya kazi. Hali hii ni ya kawaida sana kwa kunde, choroko, njugumawe na mbaazi, ambazo huelewana na Bradyrhizobium wa aina nyingi wanaopatikana karibu kila udongo wa nchi za joto.

Ila uthibitishe, kwa sababu sura hiyohiyo hutokea pia pale ambapo kitu kingine kimeikaba mimea yote kwa usawa. Weka vipande vitatu sambamba: kimoja bila kitu, cha pili na chanjo, cha tatu bila chanjo lakini na mbolea ya naitrojeni ya kutosha. Vyote vipe fosforasi sawa. Kipande cha naitrojeni kikivizidi vipande vingine vyote, mmea una njaa ya naitrojeni ambayo bakteria hawaimalizi, wawe wageni au wenyeji, na uchunguzi urudi kwenye vinundu. Vyote vitatu vikilingana vikiwa vimestawi, wenyeji wanatosha. Vyote vitatu vikilingana vikiwa vimedumaa, acha kuwaza bakteria. Tafuta maji, fosforasi, asidi au magonjwa. Cha chanjo kikifikia cha naitrojeni na kukiacha nyuma kile kisicho na kitu, wageni wameshinda.

Jambo moja huharibu jaribio hili kuliko mengine, nalo ni mikono. Panda kipande kisicho na chanjo kwanza, kabla mfuko haujafunguliwa. Bakteria hupanda kwenye vidole, kwenye ndoo, kwenye soli za viatu na ncha ya jembe. Ukianza na kipande cha chanjo halafu ukahamia kisichochanjwa, umekichanja bila kujua, na mwisho wa msimu utaandika kwamba chanjo haina faida. Acha pia nafasi kati ya vipande, ili mvua isiwasombe kutoka kimoja hadi kingine.

Kwenye chungu ilifanya kazi, shambani imegoma

Chungu chenye mchanga uliochemshwa hakina wenyeji, kwa hiyo jaribio lako lilipima unasaji wa naitrojeni peke yake. Rudia kwa udongo wa shamba lenyewe, ambao haujachemshwa. Ukoo unaong'aa kwenye mchanga safi na kufifia kwenye udongo hai ni mfanyakazi mzuri asiyejua kugombea nafasi, na ni vema kuligundua hilo kabla ya hekta kumi.

Ilifaa miaka ya mwanzo, sasa haifai

Hii ndiyo dalili ngumu kuliko zote. Sababu nyepesi ni kwamba wageni wa miaka ile wamekuwa wenyeji. Bradyrhizobium wa soya huweza kuishi udongoni miaka mingi bila soya, kwa hiyo chanjo mpya haionyeshi tofauti kwa sababu chanjo ya zamani bado inafanya kazi. Pasua kinundu, kikiwa chekundu, ndiyo hiyo.

Kikiwa cheupe, kuna uwezekano mwingine. Jeni za kujenga vinundu huweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Huko New Zealand, mahali ambapo hapakuwa na bakteria wa asili wanaoelewana na Lotus corniculatus, walichanjwa Mesorhizobium wa ukoo mmoja. Miaka 7 baadaye vinundu vilikutwa na bakteria wa nasaba mbalimbali za udongo uleule, wote wakiwa wamepokea kutoka kwa mgeni kipande kilekile kikubwa cha jeni, chenye herufi za DNA takriban 500,000. Australia Magharibi mambo yalienda vibaya zaidi. Biserrula pelecinus, mmea wa malisho, uliletwa pamoja na bakteria wake, na ndani ya miaka 6 wenyeji waliokwisha kupokea jeni hizo walikutwa kwenye vinundu, baadhi yao wakinasa naitrojeni kidogo sana au wasinase kabisa. Walijifunza kubisha hodi kabla ya kujifunza kazi.

Ukiingia katika hali hii, usibadili chanjo kwa kubahatisha. Rudisha vile vipande vitatu, na kama kipande cha chanjo mpya bado kinashinda, endelea kuchanja kila msimu, chini ya mbegu. Kama hakishindi, kinachobaki ni kujua kwa hakika ni nani yumo kwenye vinundu.

Kumjua aliyemo

Kwa macho huwezi kuutambua ukoo. Zamani maabara zilitumia kingamwili kuwagawa bakteria wa soya katika makundi, kama yale ya 110 na 123. Baadaye watafiti waliwapandikiza bakteria wa chanjo jeni iitwayo gusA, ambayo ukiiwekea kemikali yake hukigeuza kinundu kuwa cha bluu: mzizi mzima unatolewa kwenye bakuli, vya mgeni ni vya bluu, vya mwenyeji vimebaki na rangi yao, na hesabu ya ushindani unaiona kwa macho. Kwa chanjo ya kawaida, isiyo na alama hiyo, kipimo cha siku hizi ni kusoma DNA ya kinundu na kuilinganisha na ya ukoo uliomo kwenye mfuko.

Ukipeleka vinundu maabara, chukua visivyopungua 50 kutoka mimea tofauti, kila kimoja na kipande kidogo cha mzizi ili kisipasuke. Vya karibu na shina viweke chupa moja, vya mizizi ya pembeni chupa nyingine. Vikaushe kwa chembe za silika zilizofunikwa na pamba, na usivitie jua. Peleka pamoja navyo kijiko cha chanjo uliyotumia na mfuko wa udongo kutoka mahali ambapo hukuchanja. Bila hivyo viwili vya mwisho, maabara itakuambia jina la aliyemo kwenye kinundu, lakini haitaweza kukuambia kama ulikuja naye wewe au ulimkuta.